Kikundi cha kuacha pombe Kariakoo: usitafute bango, tafuta mtu

Swali ni lile lile, ila kila siku huja limevaa nguo nyingine. Mke wa fundi cherehani analiuliza kwa ajili ya mumewe. Kijana anayeuza viatu Mtaa wa Kongo analiuliza "kwa ajili ya rafiki yangu", na kila anayemsikia anajua rafiki huyo ni nani. Mhasibu wa Posta analiuliza kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Hapa mjini, kati ya Kariakoo, Gerezani, Ilala na Upanga, watu wanaotaka kuacha pombe wanakutana wapi?

Bango hakuna. Wengi huzunguka wiki nzima wakitazama juu ya milango, wasione kitu, wakarudi nyumbani wakisema mambo hayo yako Ulaya. Vikundi vya namna hii vipo Dar es Salaam, lakini si vingi, havipendi kujitangaza, na huhama. Chumba cha kuazima kikihitajika kwa semina au kwaya, kikundi kinahamia kwingine. Ndiyo sababu makala hii haichapishi anwani: mlango ulio wazi mwezi huu unaweza kuwa na kufuli mwezi ujao.

Anayeijua Kariakoo hatashangaa. Mtu akitaka spea ya cherehani ya zamani hasomi mabango. Anauliza duka la kwanza, anaambiwa "hapa hamna, vuka Msimbazi ukamuulize yule mzee", na mzee anamwelekeza ghorofa ya pili, uani, mlango wa bluu. Kikundi cha kuacha pombe hupatikana vivyo hivyo. Atafutwe mtu mmoja anayejua, naye atamtaja wa pili.

Hata mkutano wa kwanza ulipatikana kwa kuulizia

Mei 1935, mfanyabiashara kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa amekwama katika hoteli moja mjini Akron, Ohio. Dili lililompeleka kule lilikuwa limevunjika, mfukoni karibu hana kitu, na alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, vicheko vinasikika. Upande wa pili kulikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji ule.

Alikwenda kwenye simu. Alimpigia mchungaji, akapewa majina, akayapigia moja baada ya jingine. Mengi hayakuzaa kitu. Mwishoni akampata mama mmoja aliyemfahamu daktari mlevi, Bob Smith. Kesho yake daktari alifika na kichwa kinachogonga, akatangaza kwamba anakaa dakika 15 tu. Waliachana usiku. Daktari alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa AA, mtandao wa walevi wanaosaidiana kuacha, ambao sasa una vikundi dunia nzima.

Wilson hakuwa akitafuta ukumbi wala mtaalamu. Alikuwa akimtafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Kwa mtu wa Kariakoo mwenye simu ya tochi na vocha ya shilingi 500, kazi hiyo inawezekana leo mchana.

Kabla ya kuulizia chochote: mikono ikoje asubuhi?

Hapa msomaji asiruke mistari. Ipo hali ambayo mkutano si hatua ya kwanza; hatua ya kwanza ni hospitali.

Mtazame muuza duka ambaye kila siku, kabla ya kufungua, lazima azimue. Asipozimua, noti zinamcheza mkononi akihesabu chenji, jasho linamtoka na bado ni saa mbili asubuhi, chai haikai tumboni. Huyu mwili wake umeshaizoea pombe. Akiamua Jumatatu kwamba "sinywi tena" na kujifungia chumbani, anaweza kufa. Haya si maneno ya kutisha watoto: kuacha ghafla baada ya miaka ya kunywa kila siku ni hatari kuliko wengi wanavyodhani.

Mambo kwa kawaida huenda hivi:

- Saa 6 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, kutapika.
- Ndani ya siku mbili za kwanza: wengine hupata degedege, hata ambao hawajawahi kuugua kifafa.
- Kati ya siku ya pili na ya nne: wachache huanza kuweweseka, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, homa kupanda, kutojua wako wapi.

Hatua hiyo ya tatu ndiyo familia nyingi za Pwani huiita majini. Mgonjwa anapelekwa kwa mganga, anafukizwa, na saa za kumwokoa zinapita. Kitabibu hiyo ni dharura, na ina dawa: hospitali humpa dawa za kutuliza kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1.

Kwa hiyo mwenye dalili hizo, au aliyewahi kuanguka degedege alipojaribu kuacha, aanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana, Ilala, au kituo cha afya kilicho karibu, na huko watampa rufaa ya Muhimbili ikibidi. Aliyekwisha kuanza degedege au kuweweseka asingoje foleni ya barua ya rufaa. Apelekwe moja kwa moja mapokezi ya dharura.

Daktari akiuliza "unakunywa nini na kiasi gani", ajibiwe ukweli. Vibapa viwili vya Konyagi kwa siku viitwe viwili. Kama ni gongo, isemwe gongo. Ni haramu kisheria, lakini daktari anauliza ili apime dawa. Polisi hawamo katika swali hilo. Na mtu asiyeweza kufika hospitali leo asikate pombe ghafla peke yake chumbani. Aendelee kidogo kidogo mpaka aonwe, na mtu wa nyumbani ajue.

Nani wa kumuuliza

Wafuatao ndio "wazee wa ng'ambo ya Msimbazi" katika jambo hili. Mpangilio una maana: anza juu, shuka chini.

1. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Hospitali kubwa za umma, Amana, Muhimbili, Mwananyamala na Temeke, zina ofisi hiyo. Hao ndio wanaokutana na walevi waliolazwa, na ndio wanaojua nani alipona na yuko kikundi gani. Watu wengi hudhani ofisi hii ni ya wasio na uwezo wa kulipia matibabu tu. Sivyo.

2. Kliniki ya afya ya akili. Muuguzi wa pale, hasa aliyekaa miaka mingi, mara nyingi anajua kuliko daktari aliyehamia mwaka jana. Muulize yeye.

3. Namba 119. Ni laini ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kazi yao ni dawa za kulevya, si bia, lakini wanazifahamu nyumba za upataji nafuu, zile ambazo mtaani huitwa soba hausi. Swali la kuwauliza ni hili: "Ni nyumba ipi inayopokea pia wa pombe, na ina mikutano ya jioni kwa watu wa nje?"

4. Ofisi za dini. Katibu wa parokia au usharika ndiye anayeshika daftari la kumbi. Hata kama kanisa lenyewe halina kikundi, anajua nani anaazima chumba Jumanne jioni. Katikati ya mji makanisa makubwa hayapo mbali: St. Joseph na Azania Front upande wa bahari, Msimbazi Center upande wa Ilala. Imamu au ustadhi anayeaminika naye aulizwe. Huenda ameshaombwa msaada huo na wengine zaidi ya waumini wake wanavyofikiri.

5. Simu yenyewe. AA ina programu ya simu iitwayo Meeting Guide na tovuti ya aa.org; NA, mtandao wa namna hiyo wa watumiaji wa dawa za kulevya, ina na.org. Humo mna orodha za mikutano au za watu wa kuwasiliana nao. Kosa kubwa hapa ni kuiamini orodha kama ratiba ya mwendokasi. Mara nyingi ni ya zamani. Ichukue namba au barua pepe iliyopo, wasiliana kwanza, ndipo upande basi.

Wa kuulizwa mwisho ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe. Si kwamba ni watu wabaya. Ni kwamba wanajulikana na kila mtu, na habari ikitoka kwao kabla mhusika hajawa tayari, mtaa mzima wa Narung'ombe utamuuliza anaendeleaje.

Maneno ya kusema kwenye simu

Wengi hukwama hapa. Simu inaita, inapokelewa, mtu anakata. Hakuna ubaya kuyaandika maneno kwenye karatasi na kuyasoma:

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Nina ndugu yangu anataka kuacha pombe, naulizia kikundi cha watu wanaokutana kusaidiana. Kama hapo hakuna, naomba uniunganishe na anayefahamu."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Bila hiyo jibu litakuwa "hapa hatuna", na safari imeishia hapo. Neno "ndugu yangu" si uongo wa kujilaumu. Hata wapokeaji wamelizoea, na hawataomba kitambulisho cha huyo ndugu.

Akipatikana mtu wa kikundi chenyewe, aulizwe mambo matano:

- Mnakutana siku gani, saa ngapi, na wiki hii mpo?
- Ni Kiswahili au Kiingereza? (Baadhi ya mikutano ya AA mijini huwa na wageni wengi wa nje na huendeshwa kwa Kiingereza.)
- Ni mkutano wa wazi, ambao hata ndugu anaweza kuingia, au ni wa wenye tatizo peke yao?
- Kuna kina mama wanaohudhuria?
- Naweza kukutana na mmoja wenu nje dakika kumi kabla?

Swali la tano ndilo zuri kuliko yote manne yaliyotangulia. Kuingia ukumbi mgeni ukiwa na mwenyeji ni jambo jingine kabisa na kuusukuma mlango peke yako.

Wasikuchanganye: AA, NA, soba hausi, methadone

Mtu akiulizia "kuacha" mjini hapa ataelekezwa sehemu nne tofauti, na asipozijua atapoteza nauli.

AA ni ya pombe. NA ilianza California mwaka 1953 kwa ajili ya dawa za kulevya, lakini inaihesabu pombe kuwa mojawapo ya dawa hizo, hivyo mwenye shida ya pombe peke yake hafukuzwi. Katika mwambao wetu NA imeshika mizizi kwa sababu ya vita dhidi ya heroini, na vijitabu vyake vinapatikana kwa Kiswahili. Asiyepata AA karibu aende NA bila kusita. Atasikia habari za unga zaidi ya habari za bia, ila atakachokielewa ni kingi kuliko anavyotarajia.

Soba hausi ni nyumba ya kulala. Mtu anakaa miezi, kwa kawaida kwa malipo ya familia, na humo ndani mikutano ni ya kila siku. Zanzibar ilifungua ya kwanza mwaka 2009, ikiendeshwa na watu waliokuwa wenyewe wametoka kwenye uraibu, na mfano huo ukaenea hadi Bara. Baadhi huruhusu watu wa nje kuhudhuria mikutano yao. Hiyo ni nafasi isiyojulikana na wengi, na inafaa kuulizia.

Methadone si dawa ya pombe. Kliniki ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke, na ni kwa watumiaji wa heroini. Mlevi wa bia aliyesikia "kuna dawa Muhimbili inakata arosto" akaenda kupanga foleni alfajiri atarudi mikono mitupu. Mbaya zaidi ni anayeinunua mtaani: methadone ikichanganywa na pombe huweza kuzuia pumzi.

"Sawa, lakini…"

*Nitaonekana.* Basi asiende mtaani kwake. Anayefanya kazi Kariakoo apande mwendokasi aende Kinondoni, au pantoni avuke Kigamboni. Wa Kigamboni naye aje mjini. Kanuni ya vikundi hivi ni kwamba yaliyosemwa chumbani yanabaki chumbani, na jina la kwanza linatosha. Pamoja na hayo, mgeni asitaje duka lake wala jina la bosi wake siku ya kwanza. Kanuni inalindwa na binadamu.

*Mimi Mwislamu, nitaingiaje kanisani?* Mikutano mingi duniani hukaa katika vyumba vya makanisa kwa sababu moja tu: ni vya bei nafuu au vya bure. Si ibada. Mungu anatajwa, na kila mtu anamwelekea wa imani yake. Kwa Mwislamu wa Kariakoo mzigo ni mara mbili, pombe yenyewe na aibu ya kuwa haikupaswa hata kuonjwa. Huyo ndiye anayehitaji zaidi chumba ambamo hakuna wa kumshangaa. Kama ukumbi wa kanisa unamkwaza kabisa, aulizie NA au aanze na mkutano wa mtandaoni.

*Sina pesa.* Hakuna kiingilio. Huenda kikapu kikapitishwa kwa ajili ya chai na chumba. Mgeni anakipitisha kwa jirani, na hakuna atakayemtazama.

*Mimi sijafika huko, nina kazi na nyumba.* Sharti la kuingia ni kutaka kuacha, basi. Shati safi halikuzuii. Mwenye shaka aombe hospitali wampe maswali kumi ya Shirika la Afya Duniani yanayopima unywaji. Yanachukua dakika chache na hayana sindano.

*Kukaa na kuongea kutanisaidia nini?* Mwaka 2020 mtandao wa Cochrane ulichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zenye washiriki 10,565. AA, hasa pale mtu alipounganishwa nayo kwa utaratibu na wahudumu wa afya, ilifanya vizuri sawa na tiba nyingine au kuzizidi katika kumweka mtu mbali na pombe moja kwa moja. Na hapa nyumbani, hospitali ya KCMC ya Moshi imekuwa ikijaribu mazungumzo mafupi ya muuguzi na majeruhi wanaokunywa, chini ya jina "Punguza Pombe Kwa Afya Yako". Maneno yana kazi yake, mradi yawe na mtu wa kuyaendeleza.

*Natoka kazini saa mbili usiku.* Jumapili asubuhi, maduka mengi yakiwa yamefungwa, ndiyo siku ya mtu wa Kariakoo. Kwa siku nyingine kuna mikutano ya simu; ya Nairobi inafaa kwa sababu saa zao ni zetu, na huko AA ina vikundi vingi kuliko Dar es Salaam.

Siku yenyewe

Chumba ni cha kawaida: viti vya plastiki, pangaboi linalolia, chupa ya chai juu ya meza. Mwenyeji mwenye uzoefu humjazia mgeni kikombe nusu. Hajamnyima, anajua mikono ya wiki ya kwanza, na hataki chai imwagike mbele za watu. Ukimwona mtu anafanya hivyo, hapo umefika kwa wanaojua.

Mmoja anaongoza. Kinasomwa kitu kifupi. Kisha mmoja mmoja anasema: naitwa fulani, mimi ni mlevi, wiki yangu ilikuwa hivi. Wengine wanasikiliza. Hakuna anayemkatiza, hakuna anayemhubiria, hakuna anayemwambia angefanya nini. Kwa Mswahili aliyezoea barazani, ambako kila neno lina wa kulidakia, ukimya huo unashangaza mwanzoni. Kicheko nacho kinashangaza. Watu hucheka sana humo, na hucheka mambo ambayo nyumbani yaliliza. Saa moja au moja na nusu, kazi imekwisha.

Mgeni afanye machache tu:

- Afike dakika kumi kabla. Kuchelewa ndiko kunakofanya watu wote wageuke.
- Akifikiwa na zamu aseme, "Leo nitasikiliza." Inatosha.
- Aende hata kama jana alikunywa. Kama amelewa wakati huo huo, anyamaze tu na asikilize.
- Asikimbilie kutoka. Yale mazungumzo ya mlangoni ndiyo nusu ya mkutano.
- Asiondoke bila namba mbili za simu, za wa jinsia yake.
- Kesho yake apige, hata kama hana shida. Namba isiyopigwa siku ya amani haipigwi siku ya kiu.

Na asihukumu kwa mkutano mmoja. Kikundi cha kwanza kinaweza kuwa na watu wanne waliochoka na mmoja anayependa kusikia sauti yake. Aende mara sita, ikiwezekana katika vikundi viwili tofauti, ndipo aseme hakinifai.

Wa kuwakimbia

Palipo na wenye shida hapakosi wafanyabiashara wa shida. Kariakoo inajua hili kuliko mahali popote.

- "Dawa ya kumwachisha mumeo bila yeye kujua." Inauzwa kwa siri na inatiwa kwenye mchuzi. Hakuna ajuaye ndani yake mna nini. Hata dawa halali ya hospitali inayomfanya mtu augue akinywa, disulfiram, hupewa mgonjwa aliyekubali na kupimwa, kwa sababu ikikutana na pombe mwilini hushusha shinikizo la damu, huleta kutapika, na kwa mwenye moyo dhaifu inaweza kuua.
- Kikundi chenye ada ya kujiunga, sare, au bidhaa ya kuuza. Hicho ni kitu kingine.
- Nyumba inayofunga watu kwa minyororo au kuwachapa, au isiyoruhusu ndugu kuona vyumba vya kulala. Kabla ya kulipa senti moja, iombe kibali chake, uliza nani anatoa dawa na alisomea wapi, ongea na mkaazi mmoja bila msimamizi kusimama pembeni.
- Mwanaume anayejitolea mno kumsindikiza dada aliyeingia jana. Kina mama waongozwe na kina mama. Hili halina mjadala.
- Anayekuambia utupe dawa za hospitali kwa kuwa sasa umepona kwa nguvu ya kikundi.

Ikiwa kweli hakuna

Kuna atakayefuata hatua zote akakosa. Wawili wanatosha kuanza. Akron walikuwa wawili. Mtu amwombe muuguzi wa kliniki amuunganishe, kwa ridhaa, na mwingine aliyeuliza swali hilo hilo. Hupatikana. Waazime chumba chenye mlango, si meza ya mgahawa. Wachague siku moja na saa moja na wasiibadilishe kwa sababu ya mvua wala mechi ya Simba na Yanga, kwa kuwa mtu wa tatu atakuja siku ambayo wao wangeahirisha. Pesa isishikwe na mtu yeyote zaidi ya ile ya chai. Kikianza kuwa VICOBA kitakufa kwa ugomvi wa VICOBA.

Kwa mke, mama na kaka

Usiende kumwandikisha kama mtoto wa shule. Mwambie asubuhi, akiwa na akili zake: "Baba Asha, nimepata namba ya watu waliokuwa na shida hii. Iko hapa." Weka namba, ondoka. Kumsimanga usiku akiwa amelewa ni kuongea na chupa.

Wewe nawe una mahali. Al-Anon, iliyoundwa mwaka 1951, ni ya ndugu wa walevi, na mikutano yake ya mtandaoni iko wazi kwa mtu wa nchi yoyote. Na kama kuna kipigo nyumbani, kikundi kisingojewe; kila kituo kikubwa cha polisi kina dawati la jinsia na watoto.

Wiki ya pili

Wengi hurudi nyuma hapa, wakati mikono imetulia na mtu anajiona mshindi. Tatizo la Kariakoo ni kwamba pesa hulipwa kila siku. Kuli, dalali, machinga, kila jioni ana noti mkononi na njia ya kwenda kituoni ina baa tatu. Mambo madogo yanasaidia kuliko kiapo. Mwombe bosi alipe kwa wiki, au atume pesa ya siku moja kwa moja kwenye simu ya mke. Badili njia: kama Gerezani ndiko kuna kijiwe chako, pandia mwendokasi kituo cha Fire. Kula kabla ya kutoka kazini. Kiu ya saa kumi na mbili mara nyingi ni njaa. Wale washikaji waambiwe "natumia dawa", maneno ambayo hata mlevi sugu huyaheshimu.

Akiteleza, arudi kwenye mkutano unaofuata, aseme. Hakuna wa kumfuta kwenye daftari, kwa kuwa daftari halipo.

Jambo la mwisho ni la kikariakoo kabisa. Simu hapa huibiwa, na chaji huisha saa mbaya. Zile namba mbili za kikundi, na ya tatu ya muuguzi wa kliniki, ziandikwe kwenye kikaratasi, kikunjwe, kiwekwe mfuko wa shati, upande ambao zamani ulikuwa unakaa kibapa.